UZI: Burma ya mageuzi, 2011 hadi 2021. Walifungua magazeti, simu na kura, orodha ya wenyeji wakaiacha palepale

fundibomba (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii kulikuwa na uzi humu kuhusu nchi zilizojaribu kutoka kwenye utawala wa wanajeshi, na wachangiaji kadhaa wakaitaja Burma: demokrasia changa, wanajeshi wakaipindua tarehe 1 Februari 2021, basi. Sikuchangia kwa sababu nilijua nitaandika kirefu. Nilikaa Burma kuanzia mwanzo wa 2013 hadi mwisho wa 2015 nikifanya kazi za maji na vyoo kwenye shirika moja la misaada. Mwaka 2018 na 2019 nikawa upande wa pili wa mpaka, Bangladesh, kwa kazi ileile, kwenye kambi za wakimbizi wa kutoka hukohuko. Kwa hiyo kwangu hadithi haianzi asubuhi ya mapinduzi. Mageuzi yale yalifungua vitu vingi kwa haraka ya kushangaza, ila swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni hayakuligusa, na kila kilichofunguliwa kikaenda kugota kwenye swali hilo. Nchi ilipasukia hapo, miaka kadhaa kabla ya vifaru kurudi barabarani.

Nianze na jina. Wanajeshi walibadilisha Burma kuwa Myanmar mwaka 1989. Ukilisema neno Burma kwa ulimi wa Kiswahili unapata "Bama", na ndivyo wenyewe wanavyotamka wakiongea kibarazani. Myanma ni lile la kuandikia. Bama pia ni jina la kabila kubwa kuliko yote, kwa hiyo kulitumia jina la kabila moja kwa nchi nzima ni ugomvi tangu asubuhi. Mimi naandika Burma kwa mazoea tu.

Mwaka 1962 Jenerali Ne Win alichukua nchi. Biashara zikataifishwa, Wahindi laki kadhaa wakaondoka, magazeti binafsi yakafa. Mwaka 1987 serikali ilitangaza ghafla kwamba noti za kyat 25, 35 na 75 si fedha tena, na watu wakalala matajiri wakaamka na makaratasi. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Agosti 1988, wanafunzi na watawa na wafanyakazi wa bandari wakaingia barabarani, wakapigwa risasi kwa maelfu. Aung San Suu Kyi, binti wa Jenerali Aung San aliyepigania uhuru na kuuawa Julai 1947, akaibuka humo. Chama chake, NLD, kikashinda uchaguzi wa 1990, wanajeshi wakakataa kutoka. Yeye akakaa kizuizini nyumbani kwake, kando ya ziwa Inya mjini Yangon, jumla ya miaka kama 15.

Wenzetu wa Tanzania mtanielewa haraka kwenye hili: kule nao wana mkuu wa nyumba kumi, na juu yake mkuu wa nyumba mia. Mgeni akilala kwako usiku mmoja, hata mama yako mzazi kutoka kijijini, lazima ukamwandikishe. Usiku wa manane wanagonga, wanahesabu vichwa kwa karatasi ya kaya. Rafiki yangu mmoja wa Yangon aliniambia utotoni walikuwa na sehemu ya kumficha shangazi nyuma ya mapipa ya maji, na shangazi hakuwa na kosa lolote, alichelewa tu basi.

Halafu ikaja 2011. Thein Sein, jenerali mstaafu, akawa rais mwezi Machi. Watu walitegemea yaleyale. Septemba akasimamisha bwawa la Myitsone kule jimbo la Kachin, mradi wa Wachina wa dola bilioni 3.6, eti kwa sababu wananchi hawautaki. Mtu alikuwa hajawahi kusikia serikali ile ikisema neno "wananchi hawataki". Januari 2012 wakatoka wafungwa wa kisiasa kwa mamia. Aprili 2012 Suu Kyi akashinda kiti cha ubunge. Agosti 2012 ukaguzi wa magazeti kabla ya kuchapwa ukafutwa.

Mimi nilifika wiki chache kabla ya tarehe 1 Aprili 2013, siku magazeti binafsi ya kila siku yaliporudi baada ya karibu miaka 50. Nilikuwa kwenye kibanda cha chai, vile vya viti vya plastiki vifupi mpaka magoti yanafika kifuani. Chai yao ina maziwa mazito ya kopo, na unaiagiza kwa ukali na utamu unaoutaka, kuna neno la kila aina. Mzee wa meza ya jirani alinunua magazeti matatu. Hakuyasoma kwanza. Aliyapanga mezani, akayanyoosha mikunjo kwa kiganja, akawa anayaangalia tu. Kijana wa chai akaja kuweka kikombe, mzee akamzuia mkono, asije akamwagia.

Na simu. Miaka ya 2000 laini moja ya simu ilifika zaidi ya dola 1,000 za Kimarekani. Agosti na Septemba 2014 kampuni mbili za nje zikaanza kuuza laini kwa kyat 1,500, kama dola moja na nusu. Fundi wangu wa bomba alinunua tatu, yake na za wazazi, na usiku huohuo wote watatu walikuwa Facebook. Kwao Facebook ndiyo ilikuwa intaneti, hakuna kingine. Shikeni hilo, nitalirudia.

Naendelea.

bint_tanga

Kaka tupo, endelea. Ila kabla hujafika kwenye siasa nzito, wale wanawake wenye kitu cheupe mashavuni ni nini? Nimewaona kwenye picha nikafikiri ni liwa.

fundibomba

Dada, ni ndugu yake liwa kabisa. Inaitwa thanaka, gome la mti. Wanasugua kipande cha mti kwenye kibao cha jiwe cha duara na maji kidogo, vilevile bibi zetu wa pwani wanavyosaga liwa, wanapaka kuzuia jua na kupendeza. Watoto wanachorwa majani mashavuni kabla ya kwenda shule. Na wanaume wanavaa longyi, ambayo mtu wa Pangani ataiita msuli bila kufikiria mara mbili. Wiki ya kwanza nilivaa msuli wangu wa nyumbani kwenda dukani, mwenye duka akanishika begani kwa furaha, akanifungulia fundo langu la pwani na kunifunga la kwao. Sijawahi kupokelewa vile mahali popote. Nalisema hili mapema maana yanayofuata ni mabaya, na watu wale wema ni haohao.

Sasa orodha.

Kitambulisho cha raia kamili kule ni cha rangi ya waridi. Namba yake inaanza na tarakimu ya jimbo ulikoandikishwa, halafu kifupi cha wilaya, halafu herufi ya aina ya uraia kwenye mabano. Kadi inaandika pia "lu-myo", yaani aina yako ya watu, kabila, na dini yako. Polisi wa kizuizi cha barabarani, karani wa benki, mwalimu wa chuo, wote wanakusoma kabla hujafungua mdomo. Kuna kadi ya bluu na ya kijani, za raia wa daraja la chini. Na ilikuwepo nyeupe, ya muda, ya wale ambao dola haikutaka kuamua juu yao.

Haya yalitoka kwenye sheria ya uraia ya 1982. Mwenyeji ni yule ambaye kabila lake lilikuwepo ndani ya mipaka kabla ya mwaka 1823. Kwa nini 1823? Kwa sababu 1824 ndiyo Waingereza walianza vita vya kwanza vya kuichukua Burma, na kila aliyeingia baada ya hapo anahesabiwa kaletwa na mkoloni. Neno lenyewe ni taingyintha, wana wa nchi, na yanatajwa makabila makuu 8. Baadaye serikali ikatoa orodha ya makabila 135: Wachin wakapewa mafungu 53, Washan 33, Wakachin 12, Wamon 1 tu. Wataalamu na Wachin wenyewe walilalamika kwamba kuna majina yaliyorudiwa na vijiji vilivyogeuzwa kabila. Lakini ikawa ndiyo nchi: ukiwemo kwenye 135, umo, usipokuwemo, thibitisha.

Warohingya, Waislamu wa kaskazini mwa jimbo la Rakhine, hawamo.

msomi_wa_usiku

Mkuu heshima kwako, ila hapa nakupinga kidogo. Kila nchi ina haki ya kuweka sheria ya uraia. Na ni kweli Waingereza walileta watu wengi kutoka Chittagong, Bangladesh ya leo, kulima mpunga Arakan, yaani hiyo Rakhine kwa jina la zamani. Mburma wa kawaida akisema hawa ni Wabengali, mbona ana hoja? Tusije tukawa tunahukumu kwa kusikia upande mmoja.

fundibomba

Msomi, hoja yako ni halali na niliisikia kila siku, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Ndiyo, wengi walikuja enzi za Mwingereza. Na ndiyo, wengine walikuwepo zamani. Daktari Francis Buchanan aliandika mwaka 1799, kabla ya huo mstari wa 1823, kwamba Arakan kuna Waislamu waliokaa muda mrefu wanaojiita "Rooinga". Baada ya uhuru wa 1948 dola yenyewe iliwatambua kwa vitendo: mwanzoni mwa miaka ya 1960 redio ya taifa ilikuwa na kipindi cha Kirohingya, walipiga kura, waliingia bungeni. Hata kwenye uchaguzi wa 2010, uliosimamiwa na wanajeshi wenyewe, alichaguliwa mbunge Mrohingya, Shwe Maung, kwa tiketi ya chama cha wanajeshi. Mwaka 2015, kwenye uchaguzi tunaouita huru, akazuiwa kugombea kwa madai kwamba wazazi wake hawakuwa raia alipozaliwa. Baba yake alikuwa polisi.

Na kuna upande wa tatu ambao wageni wengi tunauruka. Warakhine Wabudha, wenyeji wa jimbo hilo, walikuwa na ufalme wao mpaka Wabama walipouteka 1784 na kulichukua sanamu lao takatifu la Buddha, la Mahamuni, ambalo mpaka leo liko Mandalay. Gesi inatoka baharini kwao, bomba linaipeleka Uchina, na kijijini hawana umeme. Nilikuwa nikilala kwenye nyumba za Warakhine, tukila samaki na pilipili mpaka machozi, na walikuwa wanaamini kwa dhati kwamba wamebanwa kati ya Mbama aliyewanyang'anya na Mwislamu atakayewameza. Mtu akiwa na hofu ya namna hiyo huwezi kumtibu kwa kumwita mbaya.

Ghasia za Juni na Oktoba 2012 ziliwaacha watu kama 140,000 bila makazi, karibu wote Waislamu. Nilipofika Sittwe, mji mkuu wa Rakhine, wao walikuwa kambini nje ya mji. Mtaa mmoja tu wa Waislamu ulibaki katikati, Aung Mingalar, umezungushiwa seng'enge na polisi kila mlango. Mtu anayezaliwa mita 500 kutoka sokoni hawezi kwenda sokoni.

Nieleze kikao kimoja. Tulikuwa ofisi ya serikali, tunajadili visima. Mwenzetu mgeni, wiki yake ya kwanza, akasema neno "Rohingya" katika sentensi ya kawaida kabisa kuhusu idadi ya ndoo. Mkalimani wetu, dada Mbama wa Yangon, hodari kuliko sisi sote, akanyamaza. Hakutafsiri. Afisa aliyekuwa anaelewa Kiingereza akafunga kalamu yake, akaiweka mfukoni. Kikao kikaisha hapo, na visima vikachelewa miezi miwili. Jioni nikamuuliza dada, kwa nini hukuruka neno tu? Akanijibu, "Nikilisema mimi, nimesema kwamba wapo." Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayeeleza kanuni ya hesabu.

Sasa rudini kwenye laini za kyat 1,500. Mwaka 2012 ukaguzi uliondoka, na watu walipopata mdomo, wa kwanza kuutumia kwa nguvu walikuwa wenye hofu hii. Watawa wa Kibudha wa vuguvugu la 969 walihubiri watu wasinunue kwa Waislamu. Machi 2013 mji wa Meiktila ukaungua kwa siku tatu, chanzo ni ugomvi kwenye duka la dhahabu, na kule hakuna Warohingya. Walikuwa Waislamu wenye kadi za waridi. Julai 2014 Mandalay, uvumi wa ubakaji ulisambazwa Facebook, ulikuwa wa uongo, watu wawili wakafa. Fundi wangu, kijana mpole, alikuwa ananionyesha kwenye simu yake picha za maiti asizojua ni za nchi gani na kuniambia, "Angalia wanachotufanyia."

Machi 2014 ikaja sensa, ya kwanza baada ya miaka 30. Serikali iliahidi kila mtu atajitaja mwenyewe. Siku moja kabla, ikageuka. Karani alifika mlangoni, akauliza "wewe ni kabila gani", ukijibu Rohingya anafunga daftari na kwenda nyumba inayofuata. Zaidi ya watu milioni moja hawakuhesabiwa. Siku chache nyuma ofisi za mashirika mjini Sittwe zilivamiwa na umati, zetu pia. Tuliondolewa kwa mtumbwi na ndege. Februari 2015 ikatangazwa kadi nyeupe zinafutwa, na kura zao zikaenda nazo.

jirani254

Hamjambo wadau. Nimesoma hii ya kadi za rangi nikamkumbuka babu yangu akieleza kipande, kitambulisho cha mkoloni walichokuwa wanavaa shingoni. Huyo babu alipigana huko Burma na KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika Mashariki, 1944. Alikuwa akisema mvua ya huko haina mwisho na matope yanameza punda. Alirudi na medali, shamba hakupata. Mleta mada, kuna alama yoyote yao huko?

fundibomba

Ipo, ndugu yangu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyopita bonde la Kabaw wakati wa masika ya 1944, kutoka Tamu mpaka Kalewa, na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya kambi. Waruhiu Itote, aliyekuja kuitwa Jenerali China msituni na Mau Mau, alikuwa huko, na alieleza mwenyewe kwamba Burma ndiko alikoanza kujiuliza anapigania uhuru wa nani.

Kilomita kama 30 kaskazini ya Yangon kuna makaburi ya vita, Taukkyan. Katikati kuna nguzo ndefu zenye majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana, yamepangwa kwa vikosi. Nilitafuta KAR. Nilisimama pale nikisoma majina ambayo ungeyasikia yakiitwa kwenye daftari la darasa Machakos au Songea. Mtunza bustani akaniuliza kama ni ndugu zangu. Nikasema ndiyo. Kama utanitumia jina la kikosi cha babu nitakueleza nguzo zao ziko wapi.

Niendelee.

Novemba 8, 2015. Sitaki mtu adhani furaha ile ilikuwa ya bandia. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa na miaka 71. Aliamka saa tisa usiku, akapaka thanaka, akavaa longyi ya harusi ya binti yake, akaenda kusimama kituoni kabla hapajapambazuka. Aliporudi alikataa kunawa kidole chenye wino, akala kwa kijiko kutwa nzima. NLD ikazoa karibu viti vinne kati ya kila vitano vilivyogombewa. Kwa katiba ya 2008 wanajeshi walishajihifadhia robo ya bunge bila kura, na kuibadilisha kunahitaji zaidi ya robo tatu. Katiba ilimzuia Suu Kyi kuwa rais kwa kuwa wanawe ni raia wa Uingereza. Wakamtafutia cheo kipya, Mshauri wa Taifa, akawa juu ya rais.

Aliyebuni njia hiyo anatajwa kuwa mwanasheria Ko Ni, Mwislamu, mshauri wa chama. Chama hichohicho hakikuwa kimesimamisha mgombea Mwislamu hata mmoja kati ya zaidi ya 1,000. Tarehe 29 Januari 2017 Ko Ni alitua Yangon kutoka Indonesia, akasimama nje ya uwanja akiwa amembeba mjukuu wake, mtu akaja nyuma akampiga risasi ya kichwa. Dereva wa teksi, Nay Win, Mbudha, alimkimbiza muuaji akiwa mikono mitupu, naye akauawa. Suu Kyi hakwenda mazikoni. Mimi nikiulizwa ni siku gani nilikata tamaa na serikali ile, ni hiyo.

Na hata kwa waliomo kwenye orodha mambo yalikwenda vibaya. Mwaka 2017 bunge lilitaka daraja jipya la Mawlamyine, nchi ya Wamon, liitwe kwa jina la Jenerali Aung San. Wamon waliandamana kwa maelfu: tupeni hata jina la daraja letu. Likaitwa hivyohivyo, na NLD ikapoteza kiti cha upande ule kwenye uchaguzi mdogo. Loikaw, jimbo la Kayah, wakasimamisha sanamu la Jenerali juu ya farasi, vijana wakapinga, Februari 2019 polisi wakawapiga risasi za mpira. Vijana wale walikuwa wanadai ahadi za Panglong za 1947, ambazo Aung San mwenyewe aliwapa watu wa milimani kwamba watakuwa sawa. Waliomjengea sanamu wakawa hawataki kusikia alichosaini.

Agosti 25, 2017 mnajua. Kikundi cha wapiganaji wa Kirohingya, ARSA (Arakan Rohingya Salvation Army), kilivamia vituo vya polisi, jeshi likajibu kwa kuchoma vijiji, na watu zaidi ya 700,000 wakavuka kuingia Bangladesh kwa miezi michache. Kijiji cha Inn Din wanaume 10 walifungwa mikono, wakauawa na wanajeshi pamoja na majirani zao. Waandishi wawili wa Reuters, Wa Lone na Kyaw Soe Oo, walioifuatilia habari hiyo walifungwa zaidi ya siku 500, chini ya serikali ya NLD.

Desemba 2019 kesi ya mauaji ya kimbari dhidi ya Burma ilisikilizwa kwenye mahakama ya kimataifa The Hague. Aliyeipeleka ni Gambia, na waziri wake wa sheria, Abubacarr Tambadou, alikuwa amefanya kazi miaka mingi Arusha kwenye mahakama ya Rwanda. Alipotembelea kambi za Cox's Bazar, Bangladesh, na kusikiliza, alisema aliyatambua aliyokuwa akiyasikia Arusha. Suu Kyi akaenda kutetea nchi yake mwenyewe. Katika hotuba nzima neno Rohingya alilitamka pale tu alipotaja jina kamili la ARSA. Yangon watu walibeba picha zake na mabango kwamba wako naye.

mama_wawili

Shikamoo kwa walionizidi umri. Naomba kuuliza kwa moyo wangu wote, maana nilimpenda sana huyu mama na hata binti yangu mdogo nilitaka kumpa jina lake. Aliogopa wanajeshi, au na yeye aliamini hivyohivyo?

fundibomba

Dada, nimelifikiria swali hilo miaka mingi. Nadhani aliamini kwamba nchi ni familia ya baba yake na yeye ndiye mwenye funguo. Kwenye familia hiyo Wakachin na Wamon ni wadogo zake, watulie atawagawia. Warohingya hawakuwa ndani ya nyumba kabisa. Hofu ya wanajeshi ilikuwepo, ila mtu anayeogopa hukaa kimya; hasafiri mpaka Uholanzi kusema. Mazuri yake hayafutiki. Sheria ya kumwandikisha mgeni wa usiku serikali yake iliifuta 2016, na wanajeshi walipopindua wakairudisha ndani ya wiki mbili.

Baada ya mapinduzi nilikuwa nimeshasahau namba ya yule dada mkalimani. Machi 2021 akanitafuta yeye. Tarehe 14 jeshi lilikuwa limeua makumi ya watu Hlaing Tharyar, eneo la viwanda la Yangon, na mdogo wake alikuwa anakaa huko. Akaniandikia kwamba usiku wanagonga sufuria, mchana wanawake wanatundika longyi zao kwenye kamba juu ya barabara kwa kuwa askari wanaamini kupita chini yake kunawaondolea nguvu. Halafu akaandika: "Siku ile ofisini nilipaswa kutafsiri. Warohingya. Warohingya. Naomba uwaambie." Wakati huo vijana wengi wa Kibama walikuwa wanaomba radhi namna hiyo Facebook, palepale palipotumika kuwachoma. Juni 2021 serikali ya upinzani iliyojificha ikalitumia neno hilo kwenye tamko rasmi na kuahidi kuiondoa sheria ya 1982.

msomi_wa_usiku

Nimekuelewa mkuu, na naondoa sehemu ya niliyosema. Swali la mwisho: kama sasa wamekubalika angalau kwa maneno, kwa nini walikataa kurudi walipoletewa mabasi? Niliona habari ile.

fundibomba

Nilikuwepo, Agosti 22, 2019, kabla ya maneno hayo. Walioidhinishwa walikuwa zaidi ya 3,000. Mabasi na malori yalipangwa tangu asubuhi, madereva wamefungua milango. Burma iliwaahidi kadi ya uhakiki, ambayo unaipokea kwa kukubali kwanza kwamba bado hujajulikana ni nani.

Karibu na tangi langu la maji alikuwa anakaa mzee mmoja. Siku ile alikuja na mfuko wa plastiki wa mchele, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake tena kitambaa. Akatoa kitambulisho cha baba yake cha miaka ya 1950, karatasi imekuwa laini kama nguo, muhuri wa dola ya Burma unaonekana vizuri. Akanionyesha na cha kwake. Akanionyesha stakabadhi ya kadi nyeupe aliyonyang'anywa 2015. Akazipanga juu ya mfuniko wa tangi kwa mpangilio wa miaka, akaniuliza kupitia kijana wake, hiyo mpya wataandika nini. Nikamwambia nilichoambiwa: haitaandika kabila lake.

Akazikunja moja moja, akarudisha kitambaa, mfuko, mfuko. Kufika saa kumi jioni hakuna mtu aliyekuwa amepanda. Madereva wakafunga milango, mabasi yakageuzia pale kwenye uwanja wa mpira, yakaondoka matupu.